Walipohesabu Kimya Chetu Kuwa Ndiyo

Najua mnanicheka. Mtu akiandika kwenye kikundi chenu cha simu kwamba mkutano ni saa nane, mimi ndiye wa kwanza kujibu: nimeona. Juzi mmoja wenu alisema Mama Risper anajibu mpaka matangazo ya kampuni. Sawa, chekeni. Lakini mmeniomba niwaandikie kuhusu kazi, nyinyi mnaojifunza programu hapa Homa Bay na wenzenu wa Migori, na siwezi kuieleza kazi yangu bila kueleza hiyo tabia. Ilianza kwa hofu, na hofu yenyewe haijaisha vizuri hadi leo.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi tangu zamani. Nikifunga mlango narudi kujaribu kitasa, nikifika barabarani narudi tena. Marehemu mume wangu aliniambia siku ya ufufuo nitachelewa, nitakuwa nimerudi kuangalia kama kaburi nimelifunga. Kwenye kazi hii wasiwasi si ugonjwa. Mtu asiyeogopa kitu asiguse kompyuta ya hospitali.

Kazi yangu ya mshahara ilikuwa fundi wa taipureta. Miaka ya tisini kompyuta zikaanza kuja huku, zile zilizochoka huko maofisini Nairobi, na tajiri wangu akaniambia, wewe unayejua taipureta, hii nayo ina vibonye, itengeneze. Basi. Ndiyo shule niliyosoma. Karakana ilikuwa na laini ya simu na modemu iliyopiga kelele mpaka wateja wakaziba masikio, na kwa njia hiyo nikaingia kwenye kazi yangu ya pili, ile isiyo na mshahara.

Siku hizi mnaandika kwa lugha hii na ile ya kompyuta, na hamjiulizi nani anaifagia. Lugha ninayoisema sitaitaja, maana mtaanza kubishana kama ni bora kuliko yenu. Ilikuwa ya watu wa kujitolea. Maandishi yake ya ndani yalikuwa wazi, yeyote aliyetaka aliyasoma, akiona tundu anashona kiraka na kukituma kwa kikundi kwa barua pepe. Kila sehemu ya lugha ilikuwa na mwenyewe: huyu anachunga tarehe, yule anachunga faili, mwingine anachunga hesabu. Mwenyewe akikubali kiraka, kinaingia. Halafu mara moja moja msimamizi anakusanya viraka vyote na kutoa toleo jipya, na watu wa dunia nzima wanalichukua. Wengi wetu hatujaonana mpaka leo.

Huyo msimamizi tulimwita Jaduong', yaani mzee, kwa sababu aliandika kwa utulivu na hakurudia neno. Nilikuwa namwandikia kwa heshima zote, hata nikamuuliza hali ya watoto. Miaka baadaye alituma picha yake: kijana wa chuo, ndevu bado zinatafuta njia. Kumbe nilikuwa nauliza hali ya watoto ambao mama yao hajapatikana. Lakini jina lilikuwa limeshika, na hata leo ni Jaduong'.

Yeye ndiye aliyenifundisha kushona. Kiraka changu cha kwanza kilikuwa cha kurekebisha mstari mmoja, lakini nilipofika humo ndani nikaona vitu vimepangwa ovyo, nikapanga na jikoni na sebule. Alinirudishia. Alisema haoni tena ni wapi nilipotengeneza. Mwenzangu Chacha, anayeniita kwa jina langu la nyumbani, aliposikia akasema kwa Kiswahili chake cha Uriri, "Mama Akinyi, kiraka isizidi tundu." Hilo liandikeni ukutani. Wengi wenu bado mnatuma viraka vikubwa kuliko nguo.

Chacha alikuwa mwalimu wa hesabu huko Uriri, Mkuria wa upande wa mpakani. Mimi Mjaluo, yeye Mkuria, kwa hiyo kati yetu ni Kiswahili tu. Alikuja karakana na taipureta ya shule, akaona karatasi za programu mezani kwangu, na kabla hajanisalimu akaniambia mstari wa katikati una kosa. Nilimchukia mchana mzima. Jioni nikaangalia, mstari ulikuwa na kosa.

Tangu hapo tukawa wawili. Yeye hakuwa na simu wala barua pepe, alikuwa na kompyuta moja ya shule, ya zamani. Tulitumiana disketi kwa basi, ndani ya mkebe wa majani ya chai wenye mchele mkavu wa kunyonya unyevu, maana unyevu wa ziwa unaua disketi kabla ya vumbi. Sheria yetu ilikuwa moja: hakuna kiraka kinachotoka kabla ya macho ya pili. Nikishona mimi, anajaribu yeye. Akishona yeye, najaribu mimi. Halafu vyote vinatoka kwa anwani yangu na jina langu. Nilimwambia tuweke na lake, akasema jina la nini, hesabu ikitoka sawa inatosha. Kumbukeni hilo la jina, tutalirudia.

Sasa kuna Sista Perpetua. Huyu alikuwa mtawa muuguzi kwenye zahanati ya misheni nje ya Ndhiwa, mkali, mfupi, na wagonjwa wa kifua kikuu walimwogopa kuliko ugonjwa. Dawa ya kifua kikuu ukiiacha katikati inakugeuka, kwa hiyo yeye hakukubali mtu aiache. Chacha alimwandikia programu kwa ile lugha yetu. Kila Jumatatu mashine ilimtolea majina ya wanaopaswa kuja wiki hiyo na kipimo cha kila mmoja kwa uzito wake. Asiyekuja, Sista anamtumia mtu kwa baiskeli mpaka mlangoni. Watu walipona. Nawajua wengine, wananiuzia omena sokoni mpaka leo bila kujua kwamba niliwahi kukosa usingizi kwa ajili yao.

Na nilikosa kwa haki. Mwaka wa elfu mbili ulikuwa unakaribia. Nyinyi mmesikia kama hadithi, sisi tulikuwa ndani yake. Toleo la lugha alilotumia Sista lilisoma mwaka kwa tarakimu mbili, na tulipojaribu kuisogeza mbele saa ya mashine, iliona sifuri mbili ikarudi mwaka wa elfu moja mia tisa. Karatasi ya majina ikatoka tupu. Kwa hesabu yake hakuna mgonjwa aliyekuwa amezaliwa. Toleo jipya lilikuwa linatengeneza hilo, kwa hiyo tukasema, tungoje toleo jipya, tumwekee Sista, tulale.

Ndipo ikaja barua ya Jaduong' kwa kikundi. Mashine za zamani, kama ile ya Sista na ile ya Chacha, hazikuwa na kile kipande cha kufanya hesabu za desimali. Lugha yetu ilikuwa na sehemu ndogo iliyozifanyia hesabu hiyo polepole, kama mtoto anayehesabu kwa vidole. Mwenye sehemu hiyo alikuwa ameacha kujibu barua muda mrefu. Jaduong' akaandika kwamba anafikiria kuiondoa kabla ya toleo jipya, kwa kuwa haina mchungaji na huenda haina mtumiaji. Akauliza kama kuna mwenye neno.

Mnaelewa? Bila toleo jipya, Sista anapoteza tarehe. Kwa toleo jipya, mashine yake haiwezi kupima dawa. Na mashine nyingine haikuwepo.

Hapa ndipo tulipokosea, na sidhani kuna watu wengine kwenye kikundi kile wangeweza kukosea hivyo. Nilimpigia chapa Chacha barua ile, akaja, tukaisoma pamoja, tukakasirika sana. Halafu tukakubaliana kunyamaza. Kwetu, mgeni akileta posa na wenye nyumba hawaitaki, nani anasimama kusema hapana? Wanatazama chini. Wanauliza habari za mvua. Mgeni mwenye akili anakunywa chai yake, anashukuru, anaondoka. Chacha akasema na kwao ni vivyo hivyo, kimya cha wazee ni neno zito. Basi tukamnyamazia Jaduong' kimya kizito kabisa. Nilikuwa na hakika anakisikia huko aliko.

Wengine walijibu kwa neno moja moja, sawa, sawa. Kisha Jumatatu moja modemu ikaleta barua fupi. Jaduong' alishukuru wote, akasema hakuna aliyepinga, kwa hiyo sehemu ile inaondoka Ijumaa. Yawa! Nilirudi kusoma kanuni za kikundi, karatasi ambazo mnazipuuza hata nyinyi, na ikawa imeandikwa wazi: kimya ni kukubali. Na chini yake kulikuwa na jambo jingine. Anayepinga kuondolewa kwa sehemu, pingamizi lake halihesabiwi mpaka aahidi kuichunga yeye mwenyewe.

Asubuhi yake nilimwandikia Chacha kumweleza yaliyotokea, nikaitia barua kwenye basi, kisha nikaandika jibu kwa Jaduong'. Laini haikuwa na sauti. Mvua ya usiku ilikuwa imeangusha nguzo upande wa Rodi, na watu wa posta wakasema watatengeneza, wakasema kwa ile sauti mnayoijua.

Jumatano nzima nilinyanyua ile simu na kuirudisha. Tajiri wangu akanikataza, alisema nitaichosha. Sikula. Nilimfikiria Sista akishika karatasi tupu, na wale watu nyumbani kwao wakijiona wamepona nusu. Kisha mteja mmoja akataja kwamba kule Mbita kuna kituo cha watafiti wanaotuma barua pepe kwa redio. Alhamisi alfajiri nilikuwa njiani.

Fundi wa redio aliitwa Okinyi, kijana mpole mwenye sweta ya mikono mirefu kwenye joto lile. Hakunifukuza. Alisema ana nafasi ndogo, barua za watafiti zinakwenda kwanza, na yangu isizidi mistari miwili kwa sababu redio inabeba maneno kama mtu anayevusha maji kwa viganja. Akanipa karatasi na kusema nina muda wa yeye kunywa chai.

Mistari miwili haikuwa shida. Shida ilikuwa ni nani anayeahidi. Mimi ni fundi, najua waya, najua kusoma programu, lakini sehemu ile ilikuwa hesabu tupu na hesabu ni ya Chacha. Bila yeye nilikuwa naahidi mzigo nisioweza hata kuuinua. Mkono ukaandika: mimi na mwenzangu tutaichunga. Nikaangalia neno hilo, mwenzangu. Chacha yuko Uriri, hana simu, sijamuuliza. Alikuwa na madarasa, alikuwa na mke na watoto wadogo, na kazi hii ingemla wikendi kwa miaka. Nilikuwa nimefika Mbita kulia kwamba watu wamechukua kimya changu wakakifanya ndiyo, na mimi hapo hapo nachukua kimya cha Chacha.

Nililifuta. Nikaandika: Napinga, mashine hizi ziko kazini hospitalini. Nitaichunga mimi. Risper.

Okinyi akasoma, akaniangalia. "Mama, unajua hiyo kazi?"

"Sijui," nikamwambia. "Tuma tu."

Hakunipa ahadi kama ingefika kabla ya Ijumaa. Nilirudi Homa Bay. Ijumaa ikapita, laini imekufa. Sijawahi kuona Ijumaa yenye urefu kama ile. Kila nilipofumba macho niliona mtu mpole huko mbali akifuta faili moja baada ya nyingine, bila ubaya wowote, kwa sababu aliuliza na hakujibiwa.

Jumamosi Chacha akatokea karakana bila mkebe, bila disketi. Alisimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa. Barua yangu ya kumweleza mambo ilikuwa imemfikia kwa basi Jumatano, na yeye hakusubiri. Alikwenda Migori mjini, ambako simu zilikuwa zinafanya kazi, akaomba kwenye ofisi moja yenye barua pepe mpaka wakachoka naye wakamruhusu. Nikamuuliza aliandika nini. Akaanza kuzungumza habari za mvua.

"Mwalimu," nikamwambia, "sema."

"Nimepinga," akasema. "Na nimesema nitaichunga mimi. Mimi peke yangu. Sikuweka jina lako, Mama Akinyi, usikasirike. Sikuwa nimekuuliza."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Nikacheka, kisha nikalia, tajiri akatoka ndani kuangalia kama kuna msiba. Chacha akadhani nimekasirika, akaanza kuomba msamaha, na ilinichukua muda kupata pumzi ya kumwambia na mimi nimefanya hivyo hivyo.

Laini iliporudi, barua ya Jaduong' ilikuwa inangoja. Mnakumbuka jina la Chacha halikuwahi kutoka. Jaduong' aliandika hivi: "Nimepokea barua mbili kutoka nchi yenu, siku moja. Kila mmoja anasema ataichunga sehemu hii peke yake. Mimi nimeiacha mahali pake. Naomba kuuliza, nyinyi wawili mnajuana?"

Tuliichunga. Sitawadanganya kwamba ilikuwa tamu. Ukiahidi kitu kwa hofu, hofu inaisha na ahadi inabaki. Chacha alipiga hesabu kwa mkono kwenye vitabu vya mazoezi, ndefu mpaka ukingoni, ili tujue mashine ilipaswa kujibu nini, maana usiulize mashine kama mashine inasema kweli. Mimi nilizijaribu moja moja. Tulipata makosa ya zamani ambayo hakuna aliyewahi kuyaona, na tukagombana, na mke wa Chacha akaniletea ujumbe kwamba kama namtaka mume wake nije kumchukua rasmi na ng'ombe. Toleo jipya likatoka, tarehe zikiwa sawa na desimali zikiwa mahali pake. Tukamwekea Sista.

Desemba ile akaniuliza kama anakili majina yote kwa mkono, iwapo tu. Nilimwambia anakili. Chacha aliona aibu, alisema sina imani na kazi yetu. Ni kweli sikuwa nayo. Nilimwambia imani niliiacha kanisani Sabato, hapa tuko hospitali.

Jumatatu ya kwanza ya mwaka mpya tulisimama nyuma yake wote wawili. Sista akawasha. Ile mashine ilikuwa nzito kuamka, ikakaa, ikakaa, na mimi nikashika mkono wa Chacha bila kujua, Mungu anisamehe na mkewe pia. Printa ikaanza kulia. Majina yakatoka. Sista akayashika karibu na macho, akapitia na kidole, tarehe, uzito, kipimo, akilinganisha na karatasi yake ya mkono. Alipofika mwisho hakutusifu. Aliita mtu wa baiskeli, akamwambia kuna mzee mmoja Ndhiwa hajaja, aende sasa.

Hiyo ndiyo sifa ninayoikumbuka.

Miaka ikaenda. Sista alipata mashine mpya, Chacha naye shuleni akapata, na mikono yetu ilikuwa imechoka na ile sehemu. Kwa mara ya kwanza nikaandika mimi ile barua ya kuuliza. Nilisema sisi wachungaji wawili tunataka kuutua mzigo huu, na kwa kadiri tunavyojua hakuna anayeutumia tena. Lakini nilimwomba Jaduong' asihesabu Ijumaa. Nilimwomba angoje mvua za masika zipite na za vuli zipite, kwa sababu kuna watu ambao laini zao huanguka. Wenzetu kwenye kikundi walilalamika kidogo, kisha wakaniachia, walishanijua.

Masika yakapita, kimya. Vuli ikapita, kimya. Chacha akasema unaona, hakuna mtu, wacha tulale. Nikakaa kwenye mashine kuandika neno la mwisho kwa Jaduong', na kabla sijamaliza ikaingia barua kutoka kwa mtu nisiyemjua, mwalimu wa kisiwa fulani mbali sana, nchi ambayo ilibidi niitafute kwenye ramani ya ukutani. Aliomba radhi kwa kuchelewa, alisema laini yao ilikatika. Alisema wanatumia sehemu ile kila siku, tangu mwaka ule ule tulioiokoa, na hawakuwahi kuandika kwa sababu haikuwahi kuharibika. Kisha mstari wa mwisho: Napinga. Nitaichunga mimi.

Miaka yote ile nilidhani tunambebea Sista peke yake. Chacha alikuwa nyuma yangu anauliza barua inasema nini, na sikumjibu yeye kwanza. Nilimwandikia yule mwalimu hapo hapo, vidole vikikosea vibonye, neno moja tu ili asingoje: nimeona.